Uvimbe wa nyuki umeisha, lakini je, hatari imeisha?

HUENDA umewahi kudungwa na nyuki ukaruka, ukapiga mayowe, ukasugua mahali palipouma, na kufikia jioni ukawa umeshasahau. Ndivyo inavyokuwa kwa watu wengi. Uchungu wa nyuki ni wa muda mfupi na asali yake ni tamu. Ndiyo maana wahenga wakatuambia tufuate nyuki tule asali.

Lakini, msomaji mpendwa, kuna watu ambao nyuki mmoja tu anaweza kuwaangusha chini kabla birika la chai halijachemka. Mtu wa aina hiyo si lazima awe mgonjwa wala dhaifu. Anaweza kuwa mwanafunzi aliyekwenda mashambani kwa likizo ya Desemba, mama anayeanika nguo mtaani Umoja, au mzee wa Mwingi ambaye amerina asali kwa miaka 30 bila kudhurika.

Watu hao, wakibahatika, hukimbizwa hospitalini, hudungwa sindano, hupata nafuu na kurudishwa nyumbani na bahasha ya tembe. Uvimbe ukisha, jamii nzima humshukuru Mungu na mambo huishia hapo.

Hapo ndipo kosa kubwa hufanyika. Uvimbe umeisha, lakini mzio, au aleji kama wengi tuiitavyo, haujaisha. Umelala tu, ukimngoja nyuki wa pili. Kazi ya mtaalamu wa mzio ni kuhakikisha kwamba nyuki huyo wa pili akija, atakukuta umejiandaa.

Si kila uvimbe ni mzio

Kwanza tuelewane. Si kila anayedungwa anahitaji kumwona mtaalamu. Madhara ya nyuki na nyigu yako ya namna nne, na ni muhimu uyatofautishe.

Namna ya kwanza ni ile ya kawaida: uchungu, wekundu na uvimbe mdogo palepale ulipodungwa. Hayo huisha kwa saa chache au siku moja. Maji baridi na subira vyatosha.

Ya pili ni uvimbe mkubwa wa mahali pamoja. Umedungwa kwenye kidole, na kesho yake mkono mzima umefura hadi kwenye kiko. Uvimbe unaozidi sentimita 10 na kudumu zaidi ya siku moja huingia katika kundi hili. Unatisha na unawasha, na watu wengi hudhani kidonda kimeoza, wakaanza kumeza viuavijasumu bila sababu. Wengi wa wanaovimba hivi hawapati hatari ya mwili mzima siku za usoni. Wanaoipata hukadiriwa kuwa si zaidi ya watu 10 kati ya 100.

Namna ya tatu ndiyo ya kuogopwa. Umedungwa mguuni, lakini mwili unaitikia mahali pengine kabisa: ngozi inatoka mabaka yanayowasha kifuani na mgongoni, midomo na macho yanafura, sauti inakwaruza, kifua kinabana kama cha mwenye pumu, tumbo linasokota, unatapika, kichwa kinazunguka, macho yanaingia giza. Madaktari huiita hali hiyo anafilaksia. Si lazima dalili zote zije pamoja, na wengine huanguka wakazimia bila hata kutoka mabaka.

Namna ya nne haina uhusiano na mzio. Ni pale kundi zima la nyuki linapomvamia mtu na kumdunga mara mamia. Hapo ni wingi wa sumu unaodhuru figo, misuli na damu, na hakuna anayesalimika kwa kuwa eti hana mzio. Mtu kama huyo apelekwe hospitali kubwa hata akiwa anazungumza.

Na kabla hatujaendelea, tumtoe lawamani yule mdudu mdogo mwenye rangi nyekundu na nyeusi aitwaye Nairobi fly, aliyewasumbua wengi baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998. Huyo hadungi wala haumi. Ukimponda juu ya ngozi, hutoa maji yenye sumu inayounguza na kuacha malengelenge. Yeye hapelekwi kwa mtaalamu wa mzio. Mpulize aondoke, kisha unawe kwa sabuni.

Mwili unapokosea adui

Kwa nini nyuki mmoja amdhuru mtu aliyedungwa mara nyingi kabla ya hapo bila lolote? Swali hili liliwatatiza wataalamu kwa miaka mingi.

Mwaka wa 1902, Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walikuwa wakichunguza sumu ya viumbe wa baharini. Walitarajia kwamba mbwa aliyepewa sumu kidogo angeizoea. Badala yake, baadhi ya mbwa walipopewa tena kipimo kidogo wiki chache baadaye, walikufa kwa muda mfupi. Richet aliipa hali hiyo jina la anafilaksia, na mwaka wa 1913 akatunukiwa Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo.

Siku hizi tunajua kinachotendeka. Mwili una askari wake waitwao kingamwili. Kwa baadhi ya watu, kudungwa kwa mara ya kwanza huufanya mwili utengeneze askari wa aina iitwayo IgE, ambao hujibandika kwenye chembechembe zilizojaa kemikali kali kama histamini. Askari hao walitambuliwa na watafiti wa Marekani na Sweden kati ya 1966 na 1967. Sumu ya nyuki inapoingia tena, huwashika askari hao, na chembechembe hupasua ghala zake zote kwa mkupuo mmoja. Mishipa ya damu hulegea, presha ya damu huporomoka, na njia za hewa hubana.

Kwa hiyo si sumu inayomshinda mgonjwa, bali ni mwili wake mwenyewe uliomkosea adui na kumpiga mwenye nyumba.

Dakika za kwanza

Mtaalamu atakusaidia kesho, lakini lazima kwanza uifikie hiyo kesho. Mtu akipata dalili za mwili mzima, dawa ya kumwokoa ni moja: adrenalini, inayodungwa kwenye msuli, upande wa nje wa paja. Mtu mzima hupewa nusu miligramu, na mtoto hupimiwa kulingana na uzito wake. Dalili zisipotulia, sindano hurudiwa baada ya dakika tano hivi.

Tembe za Piriton na nyingine za jamii yake hupunguza mwasho na mabaka, basi. Hazifungui koo lililobana wala kuinua presha iliyoanguka. Ukimpa mgonjwa tembe kisha ukae kumtazama, unapoteza dakika ambazo hazitarudi. Uchunguzi wa vifo vya aina hii nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka wa 2000, ulionyesha kwamba nusu ya waliokufa kwa kudungwa na wadudu mioyo yao ilisimama kwa muda wa dakika 15 au chini ya hapo.

Mlaze chali, miguu ukiiinua juu ya mto au kiti. Akiwa hapumui vizuri, mwache aketi. Akiwa anatapika, mlaze ubavu. Usimsimamishe ghafla, na kamwe usimtembeze kwa miguu hadi steji kutafuta matatu. Presha iliyoshuka humwangusha kabisa mtu anaposimama. Gari na lije alipo.

Mwiba wa nyuki ukiwa bado ngozini, uondoe mara moja kwa kucha au chochote kilicho karibu. Zamani tuliambiwa tuukwangue, tusiubane. Uchunguzi uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka wa 1996 ulionyesha kwamba jambo la maana ni haraka, si namna ya kuung'oa, kwa kuwa mfuko wa sumu huendelea kusukuma hata nyuki akishaondoka. Nyigu hatuachii mwiba. Ndiyo sababu anaweza kudunga tena na tena.

Hospitalini, usikimbilie kurudi nyumbani mara tu mgonjwa anapotabasamu. Dalili huweza kurudi saa kadhaa baadaye. Na ukiambiwa ulipe kwanza ndipo mgonjwa ahudumiwe, kumbuka kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Kabla ya kumwona mtaalamu

Mgonjwa amepona. Sasa ndipo safari yetu inapoanza.

Kabla hujatoka hospitalini, muulize daktari mambo mawili. Mwombe aandike waziwazi katika karatasi yako kilichotokea: mapigo, presha, dawa ulizopewa. Kisha mwombe barua ya kukutuma kwa mtaalamu wa mzio. Madaktari waliosomea fani hiyo ni wachache hapa nchini na hupatikana zaidi katika miji mikubwa, lakini daktari wa watoto, wa kifua au wa ngozi anaweza kukuelekeza. Usiridhike na maneno ya "mwepuke nyuki tu". Nyuki haombi ruhusa ya kuja.

Miadi ya vipimo huwekwa wiki nne hadi sita baada ya kudungwa. Ukipimwa mapema mno, mwili huwa umetumia askari wake wote vitani, na kipimo huenda kikasema huna mzio ilhali unao. Hii haimaanishi ukae wiki sita bila kinga. Omba adrenalini na maelezo ya kuitumia tangu siku ile ya kwanza.

Andaa habari zako, kwani hizo ni muhimu kuliko kipimo chochote. Andika kwenye daftari:

Ulidungwa mahali gani, saa ngapi, ukifanya nini, na dalili ya kwanza ilichukua dakika ngapi kutokea.

Dalili zilifuatana vipi. Waulize waliokuwepo, kwa maana aliyezimia hakumbuki.

Umewahi kudungwa mara ngapi, na kila mara ilikuwaje.

Dawa unazotumia, hasa za presha na moyo. Baadhi yazo, kama zile za jamii ya beta-bloka, hudhoofisha nguvu ya adrenalini. Usiache kuzimeza kivyako. Mwambie daktari tu.

Kama una pumu, na kama ni wewe au jirani anayefuga nyuki.

Mdudu mwenyewe akipatikana amekufa, mtie katika kiberiti kitupu uende naye. Usicheke. Mtaalamu atakupenda kwa hilo, kwa maana sumu ya nyuki na ya nyigu si moja, na tiba yake si moja. Picha ya simu nayo yafaa. Walio na jamaa wanaofanya kazi Oman, Saudi Arabia au Milki za Kiarabu wawaambie pia kwamba huko kuna chungu mweusi, asili yake Afrika, ambaye mdungo wake umewapeleka watu wengi hospitalini kwa anafilaksia. Kwa hiyo kusema "ni mdudu tu" hakutoshi.

Jambo la mwisho: uliza ni siku ngapi kabla ya miadi unapaswa kuacha tembe za mwasho. Mara nyingi ni kama wiki moja. Ukienda umezimeza, ngozi itanyamaza na nauli yako itakuwa imepotea bure.

Ndani ya chumba cha daktari

Watu wengi huogopa kwamba mtaalamu ataleta nyuki ndani ya mkebe na kuwaachia. La hasha. Sehemu kubwa ya ziara ya kwanza ni mazungumzo. Daktari atakuuliza maswali mpaka ushangae, na mengine utaona hayahusiani na nyuki kabisa.

Kisha huja kipimo cha ngozi. Mkono huwekwa alama kwa kalamu, na kwenye kila alama hutiwa tone: la maji ya chumvi, la histamini, la sumu ya nyuki, la sumu ya nyigu. Ngozi huchomwa juujuu kwa ncha ndogo ya chuma. Damu haitoki, au hutoka kidogo sana. Unangoja dakika 15 hadi 20. Mahali pa histamini lazima pavimbe, na pa maji pasivimbe. Ndivyo daktari anavyojua kwamba kipimo ni cha kuaminika. Sumu isipoonyesha kitu, hudungwa kidogo zaidi ndani ya ngozi, kipimo kikipandishwa hatua kwa hatua. Dawa za dharura huwa karibu muda wote.

Damu nayo huchukuliwa kutafuta IgE za sumu hiyo. Kuna pia kipimo cha kitu kiitwacho triptesi, ambacho kikiwa juu hata siku za kawaida, humwonya daktari kwamba mgonjwa huyu yumo katika hatari kubwa zaidi.

Huenda ukatamani na watoto wengine wapimwe, hata wale ambao hawajawahi kudhurika. Daktari akikataa, usimwone mchoyo. Watu wengi wazima wenye afya wana IgE za sumu ya nyuki katika damu na hawatawahi kupata shida. Kipimo bila kisa cha kueleza huleta hofu isiyo na faida.

Sumu kwa sumu

Ikithibitishwa kwamba una mzio wa kweli, kuna mambo matatu utakayoondoka nayo, au angalau utakayoelezwa.

La kwanza ni adrenalini ya kubeba. Kalamu maalumu inayojidunga yenyewe ni rahisi kutumia, lakini ni ghali na si kila duka la dawa linayo. Usipoweza kuipata, muulize daktari kama unaweza kupewa chupa ndogo ya adrenalini na bomba la sindano, na wewe pamoja na jamaa zako mfundishwe hadi muweze kuitumia bila kutetemeka. Iweke mbali na jua na joto. Haifai kuachwa ndani ya gari lililoegeshwa. Angalia tarehe ya kuharibika kwake kila unapofungua shule au kupokea mshahara.

La pili ni karatasi ya maagizo: dalili gani, ufanye nini, umpigie nani. Bandika nakala jikoni.

La tatu ndilo linalowashangaza wengi: tiba ya kuuzoeza mwili sumu ileile. Unadungwa kiasi kidogo sana cha sumu iliyosafishwa, kisha kinaongezwa mara kwa mara hadi kufikia mikrogramu 100, ambayo ni kama sumu ya nyuki mmoja au wawili. Baada ya hapo unadungwa kila baada ya wiki nne hivi, kwa miaka mitatu hadi mitano. Kila mara unangojea kliniki kwa nusu saa hivi, iwapo mwili utakorofika.

Je, inafaa? Mwaka wa 1978 watafiti wa Marekani walichapisha majaribio yaliyobadili fani hii. Waliwadunga wagonjwa tena kwa wadudu halisi, madaktari wakiwa tayari kando. Kati ya 18 waliotibiwa kwa sumu safi, ni mmoja tu aliyepata dalili za mwili mzima. Kati ya 12 waliopewa dawa bandia, saba walizipata. Na kati ya 11 waliopewa dawa ya zamani iliyotengenezwa kwa kusaga mdudu mzima, saba vilevile. Yaani dawa iliyokuwa ikitumika kwa miaka mingi haikuwa bora kuliko maji.

Wanaofuga nyuki wa Kenya wasiwe na shaka kwamba dawa hiyo ni ya nyuki wa kizungu. Nyuki wetu wakali na wale wa Ulaya ni jamii moja. Kwa nyigu mambo ni magumu kidogo, kwa sababu nyigu wetu wanaojenga kwenye dari si wale wale wa Ulaya. Ndiyo maana kile kiberiti chako kina thamani.

Hatutakuficha: tiba hii ni ghali, ni ndefu, na sumu yenyewe huagizwa kutoka ng'ambo. Muulize daktari gharama ya mwaka mzima, si ya sindano moja, na uulize bima yako italipa kiasi gani kabla ya kuanza. Kwa aliyedungwa kidogo tu na kutoka mabaka bila zaidi, hasa mtoto, huenda daktari akasema hakuna haja. Kwa mrina asali aliyezimia, huenda ikawa ndiyo tofauti kati ya kuendelea na kazi yake na kuiacha.

Nyumbani na shuleni

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mtoto aliyepatwa na anafilaksia anaweza kukataa hata kutoka nje kucheza. Usimdhihaki wala usimfungie ndani. Mfundishe. Asitembee nyasini miguu mitupu. Asinywe soda kwenye mkebe ulioachwa wazi bila kutazama ndani. Nyuki mmoja akimzunguka, asimpigepige, aondoke polepole. Kundi likivamia, akimbie moja kwa moja, uso ameufunika, hadi ndani ya nyumba au gari na kufunga mlango. Asijitose majini, kwani nyuki humngoja aibuke.

Nyuki wakihamia darini au kwenye mti wa ploti, usiwamwagie petroli wala kuwatupia mawe. Mtafute mrina asali anayeijua kazi yake.

Ikiwa mtoto yuko shule ya bweni, nenda mwenyewe ukazungumze na mwalimu wa darasa, muuguzi na matroni. Wape nakala ya maagizo na uwaonyeshe adrenalini inavyotumika. Sindano iliyofungiwa ofisini na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda mjini haimwokoi mtu.

Ikiwa kuna mtu kwenu aliyewahi kudungwa na mwili wake mzima ukaitikia, hata kama ni miaka mitano iliyopita na nyote mmeshasahau, mtafutieni miadi mwezi huu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.